Kolwezi si Wakili wa Petroli

Iko hoja moja ambayo siku hizi haikosi kuhudhuria baraza lolote linalozungumza habari za motokaa. Mtu akisema kuwa gari la umeme ni afadhali kuliko gari la petroli, papo hapo husimama mwingine akainua kidole na kuitaja Kolwezi. Hutaja watoto waliobeba viroba vya mawe mgongoni, hutaja mashimo yanayowafukia watu wakiwa hai, hutaja kobalti. Kisha huketi, na wasikilizaji hunyamaza kama watu waliosomewa hukumu. Nimeliona jambo hili mara nyingi. Mara ya mwisho nililiona katika mdahalo wa wanafunzi, ambako kijana mmoja, msemaji hodari mwenye sauti nzuri, aliitaja Kolwezi mara saba katika dakika kumi. Alishinda kwa makofi. Mdahalo ulipokwisha tulitoka nje, naye akapanda gari lake la dizeli akaenda zake, na moshi wake tukaachiwa sisi tuliokuwa tukingoja daladala.

Simsimulii kijana huyo kwa nia ya kumdhihaki. Mimi pia nimepata kuyasema maneno hayo, tena mbele ya watu walionizidi elimu, na hakuna aliyenipinga. Ndiyo sababu nayaogopa sasa, kwani hoja isiyopingwa huota mizizi kichwani mwa msemaji wake hata akaidhani kuwa ni dhamiri. Hoja hii imejengwa kwa matofali ya kweli, lakini nyumba yenyewe ni ya uongo. Mateso ya Kolwezi ni ya kweli. Uongo ni kudai kuwa mateso hayo yanaitetea petroli.

Na tuanze na mji wenyewe, maana wengi wautajao huutaja kana kwamba uko ng'ambo ya bahari saba. Kolwezi iko Katanga ya zamani, katika jimbo liitwalo leo Lualaba, na watu wake husema Kiswahili. Kina lafudhi yake na Kifaransa kimejipenyeza ndani yake, lakini njaa huko huitwa njaa na kazi huitwa kazi. Mali itokayo kwao hupita mbele ya macho yetu. Malori ya shaba na kobalti huvuka mpaka wa Kasumbalesa, huikata Zambia, huingia Tunduma, kisha hushuka kwa njia ya Mbeya na Morogoro mpaka bandari ya Dar es Salaam. Mwanafunzi aliyesafiri kwa basi kwenda Mbeya amekwisha kukaa nyuma ya malori hayo katika mlima, akayalaani kwa kumchelewesha, asijue amelaani nini.

Kongo hutoa zaidi ya sehemu mbili kwa tatu za kobalti yote ichimbwayo duniani, na sehemu kubwa yake hutoka katika ukanda wa Kolwezi na Likasi. Lakini je, Kolwezi ilizaliwa na gari la umeme? Kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, na mji wa Kolwezi ukaanzishwa mwaka 1937 kwa ajili ya shaba. Ardhi ya Katanga imekwisha kuchimbwa kwa ajili ya nyaya za simu za Ulaya, kwa ajili ya risasi za bunduki za vita viwili vikuu, na huko Shinkolobwe ilichimbwa urani iliyoingia katika bomu lililotupwa Hiroshima mwaka 1945. Baada ya uhuru kampuni hiyo ilitaifishwa, Gécamines ikashika mahali pake, nayo ikaporomoka katika miaka ya 1990. Mishahara ilikatika, na watu waliokuwa na ujuzi wa mitambo wakageukia sululu na nyundo. Wachimbaji wadogo wa leo ni wana na wajukuu wa maporomoko hayo. Gari la umeme liliwakuta shimoni.

Tena iko habari ya umeme wenyewe, ambayo sijapata kumsikia msemaji yeyote wa midahalo akiitaja. Mapema katika miaka ya 1980 ulimalizika waya mkubwa wa umeme kutoka mabwawa ya Inga, karibu na mdomo wa mto Kongo, mpaka Kolwezi. Urefu wake ni kama kilomita 1,700. Ulivutwa juu ya mapaa ya vijiji visivyohesabika, wala haukushuka hata mahali pamoja njiani kuwasha taa ya mtu. Ulikwenda moja kwa moja kwenye migodi. Hata leo ni kama mtu mmoja katika kila watano nchini humo aliye na umeme nyumbani kwake. Dhuluma ya namna hii ilikuwapo muda mrefu kabla motokaa za betri za siku hizi hazijafika sokoni, na wakati ule wenye visima vya mafuta hawakumwaga chozi.

Mwaka 2016 Amnesty International, pamoja na shirika la Afrewatch la Kongo, walitoa taarifa yao juu ya watoto na watu wazima wanaochimba kobalti kwa mikono. Wakati huo simu na kompyuta ndizo zilizokuwa zikila kobalti nyingi kuliko motokaa. Betri za lithiamu zenye kobalti zilianza kuuzwa mwaka 1991, na tangu hapo kila mmoja wetu amekuwa akiibeba Kolwezi mfukoni. Mwezi wa Juni 2019 kingo za mgodi mmoja wa Kolwezi ziliporomoka, zikaua wachimbaji wadogo zaidi ya 30 kwa siku moja. Taarifa ile na msiba ule ni mambo ya kuwaondolea watu usingizi. Lakini sikumsikia mtu akisimama kusema, kwa sababu ya haya, tuzitupe simu zetu. Kolwezi ilikumbukwa ilipotajwa motokaa. Mwamba ngozi huvutia kwake, na wako wenye ngozi kubwa mno ya kuvuta katika biashara ya mafuta.

Pengine msomaji ataniuliza: basi ikiwa mtu anaihurumia Kolwezi kwa moyo safi, asiyanunue magari ya betri, si atakuwa amewasaidia? Hapa ndipo hoja yote inapofunuka. Kobalti si lazima katika betri ya gari. Ziko betri za aina ya chuma na fosfeti ambazo hazina kobalti wala nikeli hata chembe, na kufikia mwaka 2024 betri za aina hiyo zilikuwa karibu nusu ya betri zote za magari ya umeme duniani. Mwenye kudai kuwa kizuizi chake ni kobalti na kobalti peke yake angelipaswa kufurahi, akanunua gari la betri hizo kesho asubuhi. Hafanyi hivyo, bali hutafuta kizuizi kingine.

Na Kolwezi je, ilifurahi? Bei ya kobalti ilianguka mno hata Februari 2025 serikali ya Kongo ikasimamisha usafirishaji wake nje ya nchi, kwa sababu madini yalikuwa yamejaa sokoni. Mwezi wa Oktoba ikaufungua tena kwa viwango maalumu vya mauzo. Kwa mchimbaji mdogo, ambaye hulipwa kwa kiroba alichokifikisha kwa mnunuzi siku ile ile, kuanguka kwa bei si kupumzika. Ni kushuka chini zaidi katika shimo lile lile kutafuta kiroba cha pili. Dawa inayopendekezwa na huruma ya midahalo, yaani dunia iikimbie kobalti, ingemwacha mgonjwa na ugonjwa wake na kumnyang'anya chakula. Sisemi kwa hiyo tuinunue kobalti kwa sadaka. Nasema kwamba aliyeleta dawa hiyo hakumwuliza mgonjwa lolote, kwa maana hakuja kwa ajili yake.

Sasa na tuyapime mafuta kwa mizani ile ile, kwa kuwa yamezoea kukaa upande wa mshitaki. Mwaka 1956 mafuta yalipatikana Oloibiri katika delta ya Niger. Kule nako kuna watoto, kule nako kuna maji na mashamba. Mwaka 1995, tarehe 10 Novemba, serikali ya kijeshi ya Nigeria ilimnyonga mwandishi Ken Saro-Wiwa pamoja na wenzake wanane wa Ogoni, waliokuwa wakipigania ardhi yao iliyoharibiwa na mafuta. Mwaka 2011 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilichunguza nchi ya Waogoni. Katika visima vya mahali paitwapo Nisisioken Ogale watu walikuwa wakinywa maji yenye benzeni, kemikali iletayo saratani, zaidi ya mara 900 ya kipimo cha Shirika la Afya Duniani. Wachunguzi walisema kuisafisha nchi hiyo kungeweza kuchukua miaka 25 mpaka 30. Naomba niulize: ni mdahalo gani ambamo mtu alisimama, akataja Ogoni mara saba, akawataka watu waache petroli? Nyani haoni kundule.

Wala hatuhitaji kwenda Nigeria. Mafuta ya Hoima, kule Uganda, ni mazito kama nta, hata bomba lake la kilomita 1,443 kuelekea Chongoleani, karibu na Tanga, limebuniwa lipashwe moto mpaka nyuzi 50 ili yasigande njiani. Maelfu ya watu wa nchi mbili wameguswa na njia ya bomba hilo katika mashamba yao na makaburi ya wazee wao. Hoja ya ardhi na fidia, ambayo kwa madini ya betri hutamkwa kwa sauti ya msiba, hapa hutamkwa kwa sauti ya maendeleo.

Lakini tuache mifano, tuje kwenye hesabu, kwa kuwa mifano ya kutisha haikosekani upande wowote. Motokaa itumiayo lita 8 za petroli kwa kilomita 100 ikiishi kilomita 200,000 itakuwa imekunywa lita 16,000. Huo ni uzito wa kama tani 12. Kila lita ikiungua hutoa hewa ya ukaa kama kilo 2.3, basi jumla yake hukaribia tani 37, na hapo hatujahesabu kuchimba mafuta hayo, kuyasafirisha wala kuyasafisha. Kwa upande wa pili, betri ya gari la umeme lenye uwezo wa uniti 60 ina uzito wa kama kilo 400, na kama ni ya aina yenye kobalti, kobalti yake ni kama kilo 10, zaidi au pungufu. Tani 12 za petroli, zikitumika, hazipo tena. Zimekuwa moshi, na kesho zatakiwa nyingine. Kobalti ile haijaenda popote. Gari likifa, imo ndani ya betri, na viwanda vya kuzivunja na kuziyeyusha betri huweza kuirejesha sehemu yake kubwa. Petroli hula shimo jipya kila siku. Betri hula shimo mara moja, ikaligeuza kuwa akiba.

Mwenye kunipinga atasema nimelinganisha madini yaliyokwisha kusafishwa na petroli, nikauficha mwamba. Ni kweli. Ili kuipata betri moja huenda ukavunjwa mwamba wa makumi ya tani, na masalia yake yenye asidi yakiachwa bila ulinzi huua mito. Nakiri pia kwamba kuiunda motokaa ya umeme huchafua hewa kuliko kuiunda ya petroli, na deni hilo hulipwa njiani, kwa kilomita maelfu kwa maelfu. Nikeli ya Indonesia yayeyushwa kwa makaa ya mawe katika nchi iliyokuwa misitu, na lithiamu ya Atacama, kule Chile, hupatikana kwa kuvukiza maji ya chumvi katika jangwa lenye kiu. Umeme nao una asili yake: gari lililochajiwa kwa makaa matupu hutoa, kwa njia ya bomba la moshi la mtambo wa mbali, kiasi kinachokaribiana na kile cha petroli. Aliye Afrika ya Kusini, ambako zaidi ya sehemu nne kwa tano za umeme hutoka kwenye makaa, asijisifu mno. Lakini Kenya hupata kama sehemu tisa kwa kumi za umeme wake kutoka mvuke wa Olkaria, mito, upepo wa Turkana na jua. Tanzania ina maji ya Rufiji yanayozungusha mitambo ya megawati 2,115 katika bwawa la Julius Nyerere, pamoja na gesi ya Songo Songo na Mtwara. Mtu wa Nairobi akiazima hoja ya mtu wa Johannesburg amevaa koti la mwenziwe.

Watu hupenda pia kuuliza, kwa sauti ya mtu aliyemnasa mwizi: je, betri hizi zikifa zitakwenda wapi? Swali hili ni zuri, na lina jibu Mombasa. Katika mtaa wa Owino Uhuru kilikuwako kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani ili kupata madini ya risasi. Vumbi lake na maji yake viliwaingia watu, watoto wakawa wa kwanza kuumia. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, rufaa zikapanda na kushuka, mpaka Mahakama ya Juu ya Kenya ikaurudisha uamuzi huo Desemba 2024. Na betri zile zilikuwa zipi? Zilikuwa betri za risasi na asidi, zile zile zikaazo chini ya boneti ya kila gari la petroli na dizeli. Hatari ya betri iliyokufa tumekaa nayo tangu babu zetu walipoanza kuendesha magari. Tofauti ni kwamba hakuna aliyeiona kuwa hoja. Risasi yenyewe iliyotiwa ndani ya petroli tangu miaka ya 1920 ilijulikana kuwa ni sumu ya akili za watoto, nasi kusini mwa Sahara tuliendelea kuivuta puani mpaka mwanzoni mwa 2006.

Nimewatosha watetezi wa petroli. Sasa zamu ya wauzaji wa umeme, ambao huenda wamesoma mpaka hapa wakitabasamu. Neno lao ni “safi”. Hulipaka juu ya kila kitu chenye betri, hata mnunuzi akadhani anatawadha anapoendesha. Neno hili ndilo lililomzaa msemaji wetu wa Kolwezi, maana anayejitangaza kuwa malaika lazima atafutiwe dhambi. Mwishoni mwa 2021 Marekani ilianza kuuzwa Hummer ya umeme yenye uzito uliopita tani 4, na betri yake peke yake ilikaribia tani 1.3. Vitz nzima, pamoja na injini yake na viti vyake, ina uzito wa kama tani 1. Ndani ya betri ile moja mlikuwa na uwezo wa zaidi ya uniti 200. Bodaboda za umeme zinazoonekana Nairobi na Kigali, ambazo dereva wake hubadilisha betri kituoni kwa muda mfupi akaendelea na abiria, hutumia betri ya uniti 2 au 3. Betri ya tajiri mmoja aendaye dukani ingetosha bodaboda zaidi ya 60. Anayeivunja milima ya Katanga ili mtu mmoja akae juu ya tani nne za chuma, kisha akaliita jambo hilo kuwa ni kuihurumia dunia, ametutukana. Mwenye Hummer ya petroli angalau hakudai thawabu.

Kwa hiyo ulinganisho wa haki si kati ya gari na gari peke yake. Basi moja la umeme lililojaa watu lina heshima kuliko mlolongo wa motokaa, ziwe za betri ama za petroli. Sisi tulio wengi hatuna motokaa yoyote. Tunapoambiwa tuchague upande, tunaambiwa tuchague moshi wa nani tuuvute tukiwa kituoni. Nimeuchagua upande wa umeme kwa sababu hiyo hasa, na kwa hesabu niliyoieleza. Ila sikuuchagua kama mtu aendaye kutubu.

Jambo hili halitabaki Kongo. Nikeli ya Kabanga wilayani Ngara na madini ya kinywe ya Mahenge wilayani Ulanga ni madini ya betri, nayo yamo katika nchi yetu. Watakaoandika mikataba yake, watakaopima fidia na watakaokagua mabwawa ya maji machafu ni hawa wanafunzi waliokuwa wakipiga makofi. Ikiwa wamefundishwa kuwa machimbo ya betri ni dhambi isiyo na tiba, hawatajua la kudai siku watakapoketi mezani, kwa maana dhambi haina bei wala masharti. Ikiwa wamefundishwa na upande wa pili kuwa machimbo hayo ni kazi takatifu ya kuiokoa dunia, wataona haya kudai. Mchimbaji wa Kolwezi anayo madai yanayoweza kuandikwa katika karatasi moja: mizani isiyoibia kiroba chake, eneo lake halali la kuchimba, mashimo yenye kuta zilizoegemezwa magogo, shule kwa mtoto ili asilazimike kushuka shimoni, na umeme wa Inga nyumbani kwake. Madai hayo yangekuwa ya haki hata kama motokaa za dunia nzima zingekwenda kwa upepo.

Nilimwandikia kijana yule wa mdahalo, nikamsifu kwa ufasaha wake, kwa kuwa anastahili. Nikamwomba aitaje Kolwezi mara ya nane, mbele ya ukumbi ule ule, asome madai yale matano yalivyo, asiifanye petroli wala betri kuwa hitimisho lake. Barua imemfikia, kwa kuwa tumekutana mara mbili tangu hapo, naye amenisalimu kwa adabu, akapanda gari lake.